Imebaki Polisi Tu

Baba,

Gari la Bwana Noor limeondoka leo. Nakuandikia kabla mama hajaniita kusonga ugali, kwa sababu najua hilo ndilo ungeuliza kwanza, hata kabla ya kuuliza kama nimekula.

Uliliacha limesuguliwa nusu. Upande wa kushoto uling'aa, wa kulia ulikuwa bado na mikwaruzo yote ya miiba ya njia ya Kanyangi, kule anakonunua mbuzi. Baada ya mazishi yako mama alimpigia simu aje alichukue vile lilivyo. Akasema ana pikapu nyingine ya kazi, hana haraka. Basi likakaa chini ya turubai pale kibandani Malili muhula mzima. Nikiwa shuleni nilikuwa nikilifikiria. Nilijua likirudi kwake hivyo, watu wataitazama kazi yako ya mwisho na kusema fundi alishindwa. Sikutaka, Baba. Tulipofunga shule nilimwomba mama siku tatu.

Unakumbuka ulivyonifundisha ukucha? Ulishika kidole changu ukakipitisha polepole juu ya mkwaruzo. Ukucha ukiteleza, ni ile rangi ya juu tu imeumia, kompaundi, ile dawa ya kusugulia, itaondoa. Ukucha ukikwama, usijidanganye, huo unataka rangi mpya. Nilipima upande wote wa kulia hivyo, kama mtu anayesoma mstari kwa mstari. Ulikwama mahali pamoja tu, chini ya kitasa cha mlango wa nyuma.

Siku ya kwanza niliharibu. Nilianza saa sita mchana, bati likiwa moto, kompaundi ikakauka ikawa unga mweupe ulioshikana na mlango. Nikasugua kwa nguvu, ikawa mbaya zaidi. Mutisya, jirani yako anayeziba magurudumu, akaniuliza kutoka kwenye kiti chake, "Mwalimu, unafuta ubao?" Nililia kidogo, lakini nilikuwa nimegeukia ukuta. Halafu nikakumbuka mgongo wa mkono wako. Kabla ya kazi yoyote uliuweka juu ya bati, kama mama anavyotupima homa. Nikaweka wangu, nikautoa haraka. Huyo huyo Mutisya ndiye aliyenisaidia kusukuma gari kivulini, na tukautoa ule unga kwa kitambaa cha maji.

Kesho yake nilianza asubuhi na mapema. Kitambaa chenye unyevu, kompaundi ya ukubwa wa punje ya haragwe, na sehemu isiyozidi kitabu kilichofunguliwa. Ulikuwa ukisema mwenye haraka huongeza mikwaruzo. Kufikia jioni mlango wa mbele ulikuwa laini, na mabega yangu yalikuwa yananiuma vizuri, kama baada ya kulima.

Kuna jambo sikuwahi kukuambia.

Wewe ulisema polisi. Kikamba chetu hakina sh, na ulimi wako haukuitafuta. "Kompaundi imemaliza, sasa ni polisi." Siku moja dereva wa lori la mchanga alikusikia ukisema nilete polisi, akaanza kupapasa mifuko akitafuta funguo, nawe ukacheka mpaka ukakaa chini. Lakini nilipoingia kidato cha kwanza nilikurekebisha mbele ya wateja. "Baba, ni polishi." Hukukasirika. Ulisema tu, "Sawa, Mwalimu." Tangu siku hiyo, nikiwa karibu, uliiita "ile ya mwisho". Miaka miwili, Baba. Nipe ile ya mwisho. Nilijua kwa nini, nikanyamaza.

Leo Bwana Noor alifika kabla sijamaliza, ametoka kwenye swala ya Ijumaa. Unajua nilivyo na watu. Nilitazama viatu vyake. Alizunguka gari mara mbili. Nikamwonyesha ule mkwaruzo chini ya kitasa, nikamwambia huo siuwezi. Akasema ulishamwambia siku ya kwanza kwamba huo utabaki. Kisha akauliza kama gari liko tayari.

"Bado," nikasema. "Imebaki polisi tu."

Sikupanga. Neno lilitoka lenyewe. Mutisya aliacha kugonga rimu. Bwana Noor alinitazama, halafu akacheka taratibu.

"Huyo ni baba yako anaongea," akasema, akavuta kiti cha Mutisya, akakaa kungoja.

Nilipaka pande zote mbili, hata ule upande wako, maana vumbi la muhula mzima lilikuwa limeufifisha. Nilitumia kile kitambaa chako cha fulana ya kijani. Gari lilipoingia barabarani nilisimama mlangoni nikalitazama mpaka likapotea, na nimefurahi, Baba. Mtu asiyejua ulipoishia asingeuona mpaka.

Nitamaliza shule kama tulivyokubaliana. Mama amesema wakati wa likizo kibanda kinaweza kufunguliwa, na Mutisya amenipa kiti kimoja chenye miguu yote minne. Nakuahidi kwamba pale ndani sitamrekebisha mtu neno lake. Vitabu nitavisoma nikingoja bati lipoe.

Pumzika sasa. Polisi iko kwenye rafu yake, na nimefunga kifuniko.

Mwalimu wako,
Mwende