Mkono Wangu kwenye Trela la Miwa

Jumapili, Kitale. Mvua haijakatika tangu tutoke kanisani, na sina raha hata kidogo.

Mchana Wafula aliniita mtaa wa Tuwan, hapa hapa mjini, kwenye banda lake la kutengeneza baiskeli, nizungumze na vijana wa klabu yake. Tumekuwa marafiki tangu shuleni Kimilili. Miaka sita iliyopita tulishiriki pamoja mashindano ya baiskeli ya kuzunguka nchi, na mimi ndiye niliyemaliza.

"Siku ya nne, Kitale kwenda Bungoma, sisi wawili tuliachwa nyuma kabisa," akawaambia. "Mlima wa Lugulu ni ule ule, bana. Huyu alipanda, akafika kabla muda uishe. Mimi nikatolewa. Si hapo ndio nilijua hii miguu yangu si ya mashindano, nikaacha."

Vijana wakapiga makofi. Nikatabasamu.

Mungu anisamehe, nilitabasamu.

Tuliachwa kwa sababu yangu. Nilipata pancha karibu na Kamukuywa, Wafula akasimama kunisubiri. Mlimani nilikuwa mbele yake kidogo, kona imenificha, magari yameruhusiwa kupita tena kwa kuwa waendeshaji wengine walishapita, na trekta la miwa likatokea shambani. Aliyewahi kubeba maziwa kwa baiskeli kule kwetu Bungoma anajua kinachofuata: unashika trela, unavutwa hadi juu. Nimefanya hivyo tangu utotoni. Mkono ulienda wenyewe.

Hapana, hata hapa najitetea. Kushika kulikuwa mazoea, lakini kuachilia kulikuwa juu yangu, na sikuachilia mpaka kileleni.

Nilifika Bungoma dakika za mwisho. Wafula alifika muda umekwisha, macho mekundu, akanikumbatia na kunipongeza. Nikapokea pongezi.

Miaka yote nilijidanganya kwamba sikumdhuru mtu. Leo nimeelewa. Alikuwa mwendeshaji mzuri kuliko mimi, na ameacha baiskeli akiamini ni dhaifu, kwa sababu ya mlima ambao mimi sikuupanda.

Naona aibu hata kumtazama mke wangu mezani.

Wafula huisoma blogu hii, kwa hiyo maandishi haya hayatoki kabla sijarudi Tuwan kesho asubuhi nikamwambie, mbele ya vijana wale wale. Huenda akanifukuza, na atakuwa na haki. Ukiona nimeyachapisha, ujue ameshayasikia kwa mdomo wangu.