Mng'ao Uliobaki

Kaka,

Mimi mzima, kikohozi kimepungua. Darubini yetu ya redio imetengenezwa, na mkuu wangu amenisifu mbele ya wenzangu kwa kazi yangu ya ule mlipuko wa miale ya gama, wa nyota ya mbali iliyokufa. Mlipuko wenyewe ulizimika palepale. Nilichokuwa nikifuatilia ni mng'ao uliobaki nyuma yake, unaofifia wiki hadi wiki.

Nilipokueleza hayo kwenye simu ulicheka. "Endelea na nyota yako, mama hajambo."

Kumbe mama alikuwa mahututi, akiniulizia. Shangazi ndiye aliyenipigia, mkiwa mmeshamzika. "Kaka yako alituambia umekataa kuja," akasema, "eti umebanwa na kazi."

Sikukataa, kaka. Sikuambiwa. Mng'ao ule wangeufuatilia wenzangu, nami ningepanda basi siku ileile. Ulitaka uonekane wewe ndiye mtoto pekee aliyemjali.

Jumamosi nakuja kaburini. Nimemwomba shangazi awaite ndugu wote. Nawe uje, uwaambie kwa kinywa chako yale uliyonificha. Kitanda usiniandalie, nitalala kwa shangazi.

Ni mimi,
mtoto wa mama yako.