Ngozi za Marehemu

Kipawa, Dar es Salaam

Shemeji Mshamu,

Sisi wazima. Eda imekwisha juzi na paa halivuji tena.

Umeagiza ngozi za mbuzi za marehemu apewe fundi viatu, eti mwanamke hajalidi misahafu. Shemeji, miaka kumi na moja mimi ndiye niliyezichonga kingo zikawa nyembamba, zikunjike vizuri kwenye jalada. Kaka yako alibandika tu. Alikuwa akisema, "Hamida, mkono wangu wa kupasulia kuni huu."

Jana imamu kaleta msahafu wa msikiti uliochanika. Nikamwambia fundi amefariki. Akacheka: "Marehemu nilimzika mwenyewe, mama. Nimekuja kwako."

Fundi viatu asije. Nimeshatia udhu na kunoa kisu.

Shemeji yako,
Hamida