Kwa Bwana Matone, Aliyekataza Sabuni

Mwaka umetimia leo, ndugu yetu, tangu ulipotutoka asubuhi ile, hata chai hujaimaliza. Hatukupambii maneno, mwenyewe hukupenda kupambiwa. Tumechoka. Machozi hukauka, lakini uchovu umekaa sebuleni kama mgeni asiyejua kuaga.

Aliyechoka kuliko sote ni mkeo. Bado analala upande wake uleule wa kitanda, bado anakuachia nafasi.

Majirani walikuita Bwana Matone, kwa sababu ukiulizwa kazi yako ulijibu, "Natazama matone." Mtu akicheka, ulicheka naye. Aking'ang'ania, ulichukua chungwa. Ulimwambia kwamba yale majimaji yanayotiwa ndani ya vioo vya televisheni si kama maji ya bomba. Tone lake lina ncha mbili, kama chungwa lilivyo na kikonyo na kitako. Ukilitupia punje ndogo kuliko vumbi, hazikai ovyo. Zinajiendea zenyewe, moja ncha hii, moja ncha ile. Kisha unalimulika tone kwa taa yako maalumu, linakuwa gumu, na punje zimebaki palepale. "Ukipata vidonge kama hivi, vinavyojua vishikane wapi," ulisema, "vitajijenga vyenyewe kuwa vitu ambavyo mkono wa mtu hauwezi kuvijenga." Halafu ulilimenya lile chungwa ukatugawia.

Na sabuni! Loo, hiyo sabuni yako. Vyombo vya kazi uliviosha kwa maji ya moto matupu, tena na tena, kisha ukavikausha kwenye joto kali. Tabia hiyo ukaileta nyumbani, kwenye kikombe chako cheupe. Mkeo aligombana nawe mpaka akachoka.

"Kimekuwa cheusi ndani! Wageni watasema mimi mchafu!"

"Bibie, hicho niachie mimi."

Sababu hukuisema. Pengine hata hukuwa nayo, mkono ulikuwa umezoea tu.

Ulipoondoka, kazi yako aliirithi Mrefu, rafiki yako uliyekuwa naye meza moja maabara. Akajaribu ulichokifanya wewe. Tone lake likashika punje moja, ncha moja. Akarudia, ikawa ileile. Mkuu wa maabara akasema, kwa upole lakini akasema: punje mbili zisipoonekana tena, ile makala uliyoichapisha kuhusu punje hizo itaondolewa jaridani. Katika maelezo yote yale mkeo alielewa jambo moja, kwamba mumewe ataitwa mwongo na hayupo kujitetea. Akakonda. Tulipomwambia, "Subira, wifi," alitujibu, "Subira nimeila mpaka imekwisha. Nipakulieni kingine."

Mwezi uliopita Mrefu alikuja kumwambia kwamba amekata tamaa. Hakulisema moja kwa moja, maskini. Alikaa, akakohoa, akaulizia paa linalovuja. Vikombe vingine vilikuwa vichafu, mkeo akamtilia chai katika chako. Alipomaliza kunywa, Mrefu akainuka kusaidia kuosha vyombo, akashika sabuni.

"Hicho usikitie sabuni!" Mkeo alipiga ukelele hata mwenyewe akashtuka.

"Kwa nini, shemeji?"

"Sijui. Mwenyewe alikataa. Kama alivyokataa kwa vyombo vyenu vya kazini."

Mrefu akabaki na kikombe mkononi, bomba linamwaga. "Vyombo vya kazini aliviosha yeye," akasema polepole. "Vyake na vyangu. Miaka yote nilivikuta vikavu mezani, wala sikuwahi kuuliza. Tangu amefariki naosha mwenyewe. Kwa sabuni."

"Basi?"

"Basi sabuni ikibaki hata chembe, tone linageuka. Ncha mbili zinakuwa moja. Hilo ninawafundisha watu, shemeji! Lo, mjinga mimi!"

Aliondoka bila kofia yake.

Ulimfichia kazi ya kuosha kwa wema, ndugu yetu. Ungemwachia aoshe vyake walau mara moja, tungepona mwaka huu. Tumekukasirikia kidogo kwa hilo, halafu tumecheka, maana ndivyo ulivyokuwa.

Wiki iliyopita Mrefu alimwita mkeo maabara, akamkalisha kwenye kiti chako mbele ya hadubini. Mkeo alitazama, akatazama, hata Mrefu akadhani haoni kitu. Aliona. Tone moja, na punje mbili, moja huku na nyingine kule, zimetulia.

"Hakudanganya," akasema.

"Hakudanganya, shemeji."

Hapo ndipo alipolia, kwa sauti, mbele za watu, kilio alichotunyima msibani. Makala yako inabaki.

Jana alikitoa kikombe chako kabatini, akakitia sabuni. Alikisugua mpaka weusi wote ukatoka. Sisi tulisimama mlangoni, hakuna aliyethubutu kumzuia. "Atanisamehe," akasema bila kugeuka. "Nimechoka kukilinda." Leo asubuhi amekinywea chai mwenyewe, akaimaliza.

Unakumbukwa na mkeo. Na mama, ambaye bado anakuulizia kila mlango unapogongwa. Na kaka yako na sisi dada zako. Na Mrefu, anayeosha vyombo vyake kwa maji matupu, na vya mwenzake mpya pia, baada ya kumweleza kwa nini.

Daima u pamoja nasi, Bwana Matone. Pumzika. Nasi tunajaribu.