Vitabu Vyetu Vimekwenda Mnadani

Mama yangu uliyebaki Ruponda,

Huku Ruangwa ni kama ulivyokuona ulipokuja kunitembelea: vumbi, kelele, na wateja wanaoleta kitambaa asubuhi wakitaka gauni jioni. Nimesimamisha cherehani nikuandikie kwa sababu nina mashtaka, na sijui niyapeleke kwa nani mwingine. Mjomba Saidi ameuza vitabu vyetu.

Usishtuke. Vitabu vyenyewe vingine tulishavirudisha kwa wenyewe na vingine ninavyo hapa. Nasema zile korosho za kwenye kopo, zile za chini ya kitanda chako.

Unakumbuka tulivyoanza? Nilikuja Ruponda mwisho wa wiki kama kawaida yangu, nikakaa barazani nasoma kimya, ukanitazama weee, mwisho ukashindwa kuvumilia. "We Zuhura, unasoma kama mtu anayekula amefunga mlango!" Basi nikaanza kukusomea kwa sauti. Kiswahili cha vitabuni kikikupiga chenga nilikugeuzia kwa Kimwera, na wewe ukawa unagombana na watu wa ndani ya kitabu kana kwamba wako uani kwako. Kitabu kikiisha uliokota korosho ghafi, ukaidondosha kwenye kopo la maziwa ya unga. Kitabu kimoja, korosho moja. Kilichokuudhi ulikitafutia korosho mbovu, na kwa kweli ulifurahia kuitafuta kuliko ulivyokifurahia kitabu. Kile ambacho hatujafika ukurasa wake wa mwisho hakikupata kitu. "Hicho bado hatujakivuna," ulisema.

Mwaka ukiisha ulizimwaga mkekani. Majina ya vitabu hukuyajali hata kidogo. Ulishika moja ukasema, "Hii ya yule aliyeficha watoto kwenye ghala," ukashika nyingine ukasema, "Hii ya mzee mbishi wa kisima." Hukuwahi kuishiwa. Kisha tulizikaanga nje, mafuta yanaruka, moshi unatutoa machozi, tukazibangua na kula mwaka wetu mzima kwa chai. Nilipokuonyesha kwenye simu watu wanavyoorodhesha vitabu vyao vya mwaka, nikakwambia tununue na sisi daftari, uliniuliza, "Daftari linaliwa?" Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Mwaka jana ulituacha korosho zikiwa ndio kwanza zinaanguka. Kama desturi ya kwetu, mjomba akaja kusimamia mali ya dada yake. Mimi nilirudi Ruangwa baada ya arobaini, nikijua kopo liko salama. Desemba ilipokuwa inaishia nikapanda gari kuja kulichukua. Nilitaka kuzimwaga mkekani peke yangu, nijaribu kuzitaja kama wewe.

"Shikamoo, mjomba. Naomba lile kopo la mama."

"Marahaba, mwanangu. Lipo pale, nimeliosha."

"Na korosho zake?"

"Nilizichanganya kwenye gunia, zikaenda ghala la ushirika pamoja na nyingine. Ilikuwemo moja imeoza, nikaitupa. Dada yangu hakupenda kitu kipotee."

Alisema kwa fahari, mama. Alidhani amekutendea wema, na ningekuwa mkweli ningesema kweli alikutendea. Mzigo ulishauzwa mnadani na kupakiwa kwenye malori. Nililia palepale, mjomba akanishika bega akasema ni kweli, hata yeye anakukumbuka. Alipokwenda msikitini nikapekua majani ya uani kutafuta ile mbovu. Sikuipata.

Tangu hapo najaribu kukumbuka kwa kichwa changu, na kichwa changu si kama chako. Mama Kulwa, yule muuza maziwa wa kwa wafugaji, alinikuta nimekaa na kopo tupu kabla sijaondoka Ruponda, akaketi na mimi. Kumbe siku zote alizokuwa anachelewa kuondoka na ndoo yake alikuwa anasikiliza! "Hujataja kile cha bibi harusi aliyekimbia na mbuzi," akaniambia. Kweli, nilikuwa nimekisahau. Tukakusanya vingine viwili kwa msaada wake, lakini vipo ambavyo hata yeye hakuwepo nilipovisoma. Mwaka wako wa mwisho, mama, mwaka ambao ningependa niushike wote, una matundu, na kila nikiupekua nayakuta yameongezeka. Naumia. Sina namna nyingine ya kulisema.

Kimoja tu hakijanipotea. Kile cha mama anayemsubiri mwanawe aliyekwenda machimboni. Ilikuwa alasiri, sauti yako imeshapungua, kurasa zimebaki chache sana. Nikataka kumalizia. Ukaniwekea mkono juu ya karatasi.

"Acha. Hawa tumekaa nao siku nyingi. Tutawasindikiza asubuhi."

Asubuhi tulikupakia kwenye gari kukupeleka hospitali Nachingwea, na hukurudi.

Kitabu hicho kiko hapa, chini ya vitambaa vya wateja, kimekunjwa pale ulipoweka mkono. Kwa kuwa hatukukimaliza hakikupata korosho, na kwa kuwa hakikupata korosho, mjomba hakuwa na cha kuchukua. Vyote tulivyovimaliza vimechanganywa na mavuno ya watu, vimekwenda nisikokujua.

Mama Kulwa aliniambia, "Kimalize, roho yako itulie." Nimejaribu. Nakifungua, nasoma kwa sauti, nafika penye mkunjo, nakifunga. Nikisoma mstari wa mwisho itanibidi nidondoshe korosho kwenye kopo, na mwaka niliokuwa nawe utakuwa umekwisha kweli. Kwa hiyo nimeamua, na usinigombeze: sikimalizi. Hukujua kama yule mtoto alirudi nyumbani, na mimi sitajua. Hapo ndipo mahali pekee ambapo mimi na wewe bado tumekaa pamoja.

Pumzika, mama. Nguo za watu zinanisubiri.

Ni mimi binti yako,
Zuhura