Runinga Bapa, Waya wa Kebo na Jirani Niliyemsingizia

Mshauri wangu mpendwa, naomba msaada wako, ila kabla sijaomba ni vizuri ujue unaandikiwa na nani. Katika mitaa yetu hii hakuna runinga iliyowahi kuwaka bila mimi kuulizwa. Shule niliacha darasa la sita kwa sababu walimu walikuwa wamebakiwa na machache ya kunifundisha, na kuna mwaka nilinasa mpira wa nchi ya mbali kwa mfuniko wa sufuria na waya wa kuanikia nguo, watu wakajaa uani mpaka ukuta ukapata ufa, na huo ufa upo, anayebisha aje auone. Kwa hiyo mpwa wangu muuguzi alipomnunulia baba yake runinga mpya ya bapa, mtu wa kuitwa nilikuwa mimi mjomba.

Huyo baba yake ni shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa. Alipata kiharusi, upande wa kulia haufanyi kazi, na raha iliyobaki ni kuwekwa kwenye kiti sebuleni atazame taarifa ya habari na mpira. Mpwa wangu akaniambia, "Mjomba, baba ana mkono mmoja na rimoti ni mbili, ya runinga na ya king'amuzi, zinamchanganya. Nasikia hizi mpya zinapokea kebo zenyewe."

Nikamjibu, "Wewe unasikia, mimi nilikuwa nalijua hilo kabla hujaota meno." Nikachomoa king'amuzi, nikakitia kwenye mfuko, nikakirudisha mwenyewe ofisi ya kebo hata kabla sijajaribu chochote, na yule dada wa kaunta nikamwambia kwamba wenye akili hawahitaji visanduku.

Nikarudi, nikachomeka waya nyuma ya runinga, nikabonyeza itafute chaneli, ikatafuta mpaka mwisho, ikaandika haijapata hata moja. Nikarudia mara ya pili, ya tatu, ya nne, na nyuma yangu wamekaa dada, mpwa na shemeji kwenye kiti chake, kila mtu ananitazama kisogo, jasho linanitiririka kama nimebeba saruji, sasa mshauri, mtu wa hadhi yangu aseme nini? Mdomo ukanitangulia. Waya ule unapita kwenye paa la jirani, seremala, ndipo uingie kwa dada. Nikasema seremala ameukata akajiungia kwake.

Dada akasema, "Mbona jana kwenye ile ya zamani tulitazama vizuri, mdogo wangu?"

"Jana alikuwa hajaona mpya ikishushwa. Wivu hauna saa, dada."

Dada naye amechoka na uuguzaji, akatoka hivyo hivyo, mimi nyuma yake. Tukamkuta seremala anapiga randa ubao wa mlango. Alimsikiliza dada mpaka akamaliza kumshtaki, akaweka randa chini, akasema, "Mama, miezi mitano kila asubuhi namwinua mumeo kitandani namweka kwenye kiti. Leo nimekuwa mwizi wa waya?" Dada akanigeukia. Mimi nikaangalia paa, kama mtu mwenye ushahidi.

Tangu siku hiyo seremala haji. Leo ni siku ya kumi. Dada alijaribu kumwinua mumewe peke yake, kiuno kikamshika, sasa anatembea ameinama. Shemeji analala mpaka jioni, mpwa arudi kutoka kazini ndipo ageuzwe, na ngozi ya mgongo imeanza kuchubuka.

Juzi nikaenda kunyoa. Kinyozi ana runinga kama ile ile, waya umeingia moja kwa moja, king'amuzi hakuna, picha safi. Nikamuuliza kwa mbali, kama mtu asiyehusika. Akacheka, "Kabla haijatafuta inakuuliza, antena au kebo. Ukichagua antena itatafuta mpaka uote ndevu nyingine." Mshauri, mara zote nne nilichagua antena.

Sasa nimefikiria hivi. Dada akienda kliniki ya kiuno, niingie, nichague kebo, picha zitoke, halafu niwaambie seremala ameogopa akaurudisha waya. Shemeji atapata mpira wake, na heshima yangu haitaguswa. Lakini usingizi haunijii, na nikipita mbele ya karakana ya seremala nazunguka kwa nyuma kwenye mtaro. Nifanyeje?

Mjomba wa mtaani

MSHAURI ANAJIBU

Mjomba, pole kwa kukosa usingizi. Pole yangu inaishia hapo.

Kuchagua antena badala ya kebo si aibu, mafundi wenye vyeti hukosea hapo. Aibu ni kwamba ulikuwa na sentensi moja ya kusema, "Sijui, ngoja niulize," ukaona ni nzito kuliko kumwita mtu mwizi. Na huo mpango wako wa kliniki ndio mbaya zaidi. Unataka kumfanya jirani awe mwizi aliyetubu ili wewe ubaki bingwa. Utakuwa umemwibia mara mbili.

Usiniambie habari za heshima. Shemeji yako anachubuka mgongo kwa ajili ya heshima hiyo. Mwenzako alibeba mgonjwa wenu miezi mitano bila kuombwa asante, na wewe katika barua yote hii ndefu hujaandika hata mara moja kwamba uliamka ukaenda kumgeuza. Mikono yako iko wapi asubuhi?

Usiiguse runinga kwanza. Kesho nenda karakana kwa mlango wa mbele, uende na dada yako, kwa kuwa ulimpaka seremala matope mbele ya dada basi msafishe mbele ya dada. Sema, "Hukukata waya. Nilikosea kubonyeza, nikaogopa kuonekana sijui." Usiongeze hadithi. Akikutukana, sikiliza. Usimwombe arudi kumwinua mgonjwa, hilo ni lake kuamua. Wewe sema kwamba kuanzia kesho utakuwepo saa moja asubuhi, na uwepo. Mpwa wako ni muuguzi, akufundishe namna ya kumgeuza mgonjwa bila kumuumiza, na huo mchubuko auone leo, si wiki ijayo.

Baada ya hapo ndipo runinga. Chagua kebo, acha itafute mpaka mwisho. Baadhi ya chaneli zitabaki zimefungwa, hizo hazifunguki bila king'amuzi. Ikiwa ya mpira ni mojawapo, rudi ofisi ya kebo, kwa yule yule dada wa kaunta, ukakiombe tena. Muungwana akivuliwa nguo huchutama, mjomba. Chutama.

Tulimtumia majibu haya kabla ya kuyachapa. Ametuandikia tena, nasi tunaweka maneno yake kama yalivyo:

Mshauri, nimekwenda, na nilisema yote kwa sauti ambayo mtaa mzima ulisikia, sijui kama kuna mwanamume mwingine huku angeweza. Seremala alichukua randa akaendelea na ubao wake, tukaondoka. Kesho yake saa moja nikamkuta amesimama mlangoni kwa dada, hakunisalimu, akaingia. Shemeji yuko kwenye kiti. Habari anaziona, mpira ulikuwa umefungwa, king'amuzi nimekiomba tena nikakirudisha nyumbani. Mtaani nimewaambia kwamba sisi wawili ndio tunamwinua mgonjwa kila asubuhi, mimi mabegani, yeye miguuni.

Kusema kweli anayemwinua ni seremala. Mimi nashika mto.