Jani la Muhogo Kwenye Kijiko cha Baba Happy

Mwalimu,

Shikamoo. Marahaba yako haitafika, najua, lakini mkono umegoma kuandika neno lingine kabla ya hilo. Leo Jumapili, saa tisa alasiri, gereji imefungwa. Nimekaa kwenye kile kiti ulichoking'oa kwenye basi bovu ukakiweka hapa kiwe cha wageni, na karatasi nimeiegemeza kwenye boksi la filta.

Nakuandikia wewe kwanza kwa sababu wewe huwezi kunitazama. Nimeanza na woga, unaona. Hujaniona mwoga hata siku moja, hata siku ile jeki ilipoteleza, lakini huu woga wa safari hii ni wa aina nyingine, na ninao tangu ulipoondoka, miezi sita sasa.

Habari za hapa ni nzuri kidogo na mbaya kidogo. Jirani yetu mchomeleaji bado anafungulia muziki wa singeli asubuhi mpaka spana zinacheza mezani. Yule mwalimu wa Kimara alileta gari lake kwa sevisi, lile ulilolihudumia miaka yote mpaka ukawa unasema linakujua kuliko mkeo. Nilibadilisha oili, nikaisugua kwa vidole viwili na kuinusa kama ulivyonifundisha. Haikuwa na chembe za chuma. Akaniuliza, "Mzee yuko wapi leo?" Hakuwa na habari. Nilipomwambia, akasema gari hili sasa ni yatima. Nikageuka nikajifanya natafuta kitambaa.

Mama Salma wako anaendelea. Presha inapanda, inashuka. Amepungua. Nitarudi kwake, maana barua yote hii kwa kweli inamhusu yeye.

Mzee, wewe hukuwahi kumkagulia mnunuzi mashine ikiwa bado ya moto. Mafundi wote wa Temeke nzima walijua, na wengine walikucheka. Ukifika kwenye yadi ya watu, kabla ya salamu haijaisha, tayari kiganja chako kiko kwenye injini. Ikiwa ya baridi, kazi inaanza. Ikiwa na joto hata la chai iliyosahaulika, unashusha mkono, unasema, "Nitarudi kesho, mlale salama." Basi. Tuliwahi kwenda mpaka Kunduchi kwenye machimbo ya mawe, greda limekwishawashwa tangu alfajiri, ukageuza. Mimi nilikuwa na njaa, nina hasira, nikakwambia kwani si tungoje tu ipoe? Ukatoa karanga zako kwenye mfuko wa shati, ukanimiminia mkononi. "Ikipoa leo itakuwa imepoa nusu. Mashine kuukuu ikiamka yenyewe asubuhi ndipo inasema inapoumwa. Ikishapashwa, imeshafundishwa cha kusema." Halafu ukanitania, Mnyakyusa wewe, unawaza ndizi tu. Tukarudi kesho yake. Lilipowashwa baridi lilikohoa moshi mweupe kama jiko la kuni mbichi, na mteja wetu akanusurika.

Ndiyo maana watu waliliamini lile jani. Baba yako alikuwa mchonga vinyago, na kila kinyago alikichongea jani dogo la muhogo chini ya kitako. Wewe ukalihamishia kwenye mashine, kwa rangi nyeupe na brashi nyembamba, nyuma ya mlango wa injini. Mnunuzi akiliona hilo haulizi tena. Hukuwahi kulichora kwenye mashine ambayo kiganja chako hakikuikuta baridi.

Lile la kwenye kijiko cha Baba Happy nililichora mimi.

Sasa nimeshaliandika. Nimeinuka nikazunguka gereji mara mbili ndiyo nikarudi kukaa.

Ilikuwa wiki ile ulipolala na kifua. Sote tulidhani ni kifua tu. Simu yako uliiacha kwangu gerejini, na Baba Happy wa Chanika akapiga. Unamjua, yule wa lori la mchanga, lori ambalo wewe ndiye uliyelirudisha duniani kila lilipokufa. Alikuwa amepata kijiko cha kuchimbia, kimetumika, kiko kwenye yadi moja kule Kimara. Akasema anataka kuuza lori akichukue. Akasema, "Mzee akikipitisha tu, mie sina swali." Nilipaswa kumwambia Mzee anaumwa, nitakuja mimi, mwanafunzi wake kwa miaka tisa sasa. Nikaliona neno hilo likinijia mdomoni, na nikajua atakachojibu. Atasema asante dada, basi tutangoja Mzee apone, au atamtafuta fundi mwingine. Wananiitaga dada, Mzee. Wewe ulinisikia mara ngapi nikilalamika? Nikafungua mdomo nikasema, "Mzee atakiona kesho."

Kesho yake nilifika yadini kile kijiko kinanguruma. Mwenye yadi akaja kunipokea na kofia mkononi. "Karibu, Fundi. Nimeshakuwashia kabisa, usipate tabu." Aliniita Fundi mbele ya vijana wake wote, akaniletea kiti, akaniletea soda ya baridi. Hakuuliza nimetumwa na nani. Mzee, nilitaka sana kuwa yule mtu aliyekuwa akimkaribisha. Niliweka kiganja kwenye injini, kikaungua. Nikajiambia kwamba nikisema nitarudi kesho wataona huyu mwanamke anaringa, hajui kazi, anaogopa mashine. Kwa hiyo nikaendelea. Nilikagua kila kitu kingine vizuri, hilo sitajinyima. Cheni, pini za mkono, mipira ya haidroliki, nilizungusha kibanda pande zote kusikiliza meno. Yote yalikuwa sawa. Injini ilinguruma vizuri kabisa, imeshafundishwa. Nikatoa kopo la rangi kwenye begi lako, nikachora jani.

Nikampigia Baba Happy nikasema Mzee kakipitisha.

Jioni nilipita kukuletea uji. Ulikuwa umeegemea mto, ukaniuliza, "Umeshinda wapi leo, Binti?" Nikasema gerejini tu. Uliitikia kwa kichwa, ukasema vizuri, usipaache peke yake. Hilo ndilo linaloniamsha usingizini. Nilikuwa na nafasi, ulikuwa bado unasikia, ungenigombeza kwa ile sauti yako ya chini na kesho yake tungerudi Kimara hata kwa kubebwa. Baada ya siku kumi na moja tukakuzika.

Kijiko kilianza kusumbua wiki ya pili. Asubuhi hakiwaki mpaka kivutwe au kipashwe na moto wa matambara. Moshi mweupe. Halafu injini ikaanza kugonga, na siku moja katikati ya kazi ikasimama na haijawaka tena. Ringi zilikuwa zimekwisha, pistoni mbili zimekwaruza. Kiganja chako kingeyajua hayo kwa dakika moja ya asubuhi. Baba Happy alikuwa ameshauza lori. Ile kazi ya kuchimba mitaro aliyokuwa ameahidiwa ikaenda kwa mwingine, na yeye sasa anafanya kibarua kwenye lori la mtu, anapakia mchanga kwa koleo.

Alikuja kwenye arobaini yako. Sikumtegemea. Alikaa mkekani na wanaume, akala pilau, na baada ya dua akaomba kusema neno. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la vikombe. Akasema, "Mzee huyu alinisaidia miaka mingi. Kwenye hiki kijiko aliniangusha. Lakini alikuwa anaumwa, na mtu akiumwa macho yanachoka. Nimemsamehe, na Mungu amsamehe. Asiwe na deni langu huko alikokwenda." Watu wakaitikia amina. Na mie nikaitikia, Mzee. Nilisema amina.

Mama Salma alitoka chumbani akiwa na kitambaa machoni, akamshukuru Baba Happy mbele ya wote. Alimshukuru kwa kukusamehe. Wote wakapanga mstari wa kumpa pole upya, na safari hii pole ilikuwa na kitu kingine ndani yake, kama watu wanaompa pole mtu ambaye mwanawe amekamatwa. Vikombe vilikuwa vinagongana kwenye sinia. Shangazi wa Masasi akanipokea sinia, akasema jamani huyu binti alimpenda sana mzee wake.

Waswahili wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nikilisikia hilo nikidhani linawahusu watu wengine.

Baada ya hapo ndipo nilipoona jina lako likichuruzika tone kwa tone kila siku. Mteja mmoja alikuja kuniuliza kwa sauti ya chini kama na mashine yake uliikagua "zile siku za mwisho mwisho." Mwingine akaleta fundi wa pili akague ulichokagua mwaka juzi. Kwenye kijiwe cha mafundi nikasikia mmoja anasema labda mwenye yadi alimpoza Mzee kwa pesa kidogo. Nikalipa chai nikaondoka. Kila siku nilisema nitasema kesho, kama vile kesho nayo ni mashine inayopoa.

Lililonivunja ni Mama Salma. Jumatano iliyopita alikuja gerejini na lile kopo lako la rangi, lilikuwa limebaki nyumbani tangu niliporudisha begi lako. Alilifunga kwenye mfuko. Akaniambia, "Atu, mwanangu, hili jani tuliache. Usilichore tena na wala usiwaambie watu lilikuwa lake. Mwisho wake alikosea, tumsitiri." Aliyasema hayo bila kulia. Miaka thelathini na tisa ameishi na wewe, na sasa anakuonea aibu, na anaibeba taratibu, kwa adabu, kama anavyobeba kila kitu. Akauliza kama nina hela ya nauli ya kumrudisha, akasahau kwamba nyumba iko mitaa miwili tu.

Alhamisi nikaenda Chanika. Nilimkuta Baba Happy anaosha koleo. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, tangu simu mpaka rangi. Nikamwambia kwamba Mzee hakukiona kile kijiko hata kwa macho. Alimaliza kuosha koleo, akaliegemeza ukutani, akanawa mikono polepole.

"Kwa hiyo nimemsamehe mtu asiye na kosa."

Nikasema ndiyo.

"Mbele za watu."

Nikasema ndiyo.

Nilidhani atanipiga, na nadhani nilitaka anipige. Akasema, "Dada, ule msamaha nilimpa marehemu. Wewe sijakupa kitu. Na sijui kama ninao mwingine." Akaingia ndani. Mkewe akatoka, akaniambia niondoke kabla mvua haijanyesha, na akaniazima mwavuli. Huo mwavuli uko hapa mlangoni, na ninaona haya hata kuurudisha.

Nimefikiria sana namna ya kumlipa. Kile kijiko nimekubaliana na mchomeleaji atanisaidia kukibeba, nitaifungua ile injini mwenyewe hapa uani na kuijenga upya kipande kwa kipande, hata kama itanichukua mwaka mzima wa Jumapili. Nilimtumia ujumbe kumwambia. Hajajibu. Akinikubalia tu, nitaifungua.

Lakini hilo si la leo, na usidhani nalitumia kujificha. La leo ni Mama Salma. Nimeogopa kumwambia kuliko nilivyoogopa Chanika, kwa sababu Baba Happy alinichukia na nikastahili, ila Mama Salma anaweza kunikumbatia. Anaweza kusema mwanangu yamekwisha, Mungu ni mwingi wa rehema, na akanyamaza ili anisitiri mimi kama alivyokusitiri wewe. Mzee, nisikilize. Sitakubali. Nitamwomba awaite wale wale, wanaume wa mkekani, shangazi kama bado yuko, mafundi wa kijiweni, Baba Happy kama atataka kuja. Mahali pale pale uliposamehewa, nisimame mimi niseme hukuwa na la kusamehewa. Nikishasema, waseme watakachosema juu ya fundi mwanamke. Nitaenda kazini kesho yake.

Nakuaga, Mwalimu. Lala pema. Nisamehe, kama ni jambo linalofika huko, ingawa sikuombi haraka. Nimeona msamaha wa haraka unavyoweza kumwangukia mtu mwingine.

Namsikia Mama Salma anapita nje anamsalimia mchomeleaji, ameleta chakula changu kama kila Jumapili. Ninaahidi hivi: nitamwambia kabla hajafungua bakuli.

Anagonga geti.

Binti yako,
Atupele